Wateja wangu wanataka nitie sahihi ya kupinga marufuku ya sigara

Kwako Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Bonde la Ufa, Kenya, na nina baa ndogo niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Ni chumba kimoja chenye kaunta, meza chache na televisheni ya kutazamia mpira, na nyuma kuna ua tunakochomea nyama. Wateja wengi ni madereva, mafundi na wastaafu. Zaidi ya nusu wanavuta, na wamekuwa wakivutia ndani tangu enzi za mume wangu.

Mwezi uliopita afisa wa afya alikuja akanionya. Haukupita muda, askari wa kaunti tunaowaita kanjo wakatokea jioni, wakamkamata mteja mmoja mlangoni na kuzunguka naye garini hadi jamaa zake walipotuma pesa. Mahakamani hakufika. Tangu siku hiyo wateja wamewaka moto. Kuna mzee tunayemwita Mwalimu, amestaafu ualimu na alikuwa rafiki mkubwa wa mume wangu. Ameandika ombi kwa bunge la kaunti kutaka baa ndogo ziachwe zijiamulie. Anasema baa si shule ya chekechea, kila aingiaye ni mtu mzima anayejua anachofuata. Anasema serikali inayokula ushuru wa sigara haina haki ya kumkimbiza mvutaji, na kwamba baba yake alivuta kiko hadi akapita miaka tisini. Sahihi zimeshajaza karatasi mbili. Wanangoja yangu kwa sababu mimi ndiye mwenye leseni.

Shangazi, nina msichana anayehudumu pale. Ana pumu, na sasa ana mimba ya miezi minne. Hajawahi kulalamika. Nikimuuliza anasema yuko sawa, lakini Jumamosi usiku namwona akitoka nje kutafuta pumzi. Nikiwatoa wavutaji, naogopa watahamia kwa jirani, na kodi ya nyumba haingoji. Nikitia sahihi, najiona kama namuuza mtoto wa watu. Na Mwalimu nitamwambiaje, mtu aliyesimama nami msibani hadi mwisho? Nishauri.

Mama wa Baa

*

Mwanangu, usitie sahihi. Nimelitanguliza jibu kwa sababu karatasi inazunguka na huenda wakakufikia leo hii. Sasa nikueleze kwa nini, na namna ya kumkatalia Mwalimu bila kumvunjia heshima, maana naona hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Wateja wako wana haki ya kukasirika. Mtu kushikwa mlangoni, kuzungushwa mjini na kuachiliwa baada ya kitu kidogo kupita kwenye simu ni uporaji, hata kama alikuwa na sigara mdomoni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inasema anayevutia mahali pa umma, akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kupatikana na hatia ni kazi ya hakimu. Hakuna askari aliyeruhusiwa kukadiria faini akiwa ndani ya gari. Tabia hii imewatesa wavutaji wa miji yetu kwa miaka, na imeifanya sheria nzuri ionekane kama mtego. Ukimsikia mtu akisema marufuku ya sigara ni njia ya kanjo kula, usimwone mjinga. Anasimulia aliyoyaona kwa macho yake.

Lakini soma vizuri kile ambacho karatasi ya Mwalimu inaomba. Haiombi askari waache hongo. Inaomba moshi ubaki ndani. Bunge la kaunti haliwezi kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge la taifa. Na hata kama lingeweza, askari mla rushwa angetafuta kosa jingine la kukushika nalo, leseni au kelele au choo, na msichana wako angebaki na moshi wake vilevile.

Hebu tumzungumzie yeye, kwa kuwa ombi lenyewe halimtaji. Mwalimu anasema kila aingiaye baa ni mtu mzima anayejua anachofuata. Kwa mteja ni kweli. Mteja anakuja jioni, anakunywa chupa mbili, anatazama mpira, anaenda zake. Hewa ikimchosha anahamia baa nyingine. Mhudumu hana pa kuhamia. Anafuta meza kabla mteja wa kwanza hajafika na anafunga mlango mteja wa mwisho akishaondoka. Mtazame Jumamosi hii anapobadilisha kisahani cha majivu. Anainama, anakifunika kile kilichojaa kwa kisahani safi ili majivu yasirukie bia, anaviinua vyote viwili kwa pamoja, kisha anakirudisha mezani kile safi. Muda wote huo uso wake uko juu ya sigara iliyoegeshwa pembeni, inayoungua yenyewe huku mwenyewe akibishana kuhusu penalti. Moshi wa ncha ile inayoungua haujapita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu mwingine. Ndio unaojaza chumba, na una sumu kali kuliko ule anaoumeza mvutaji.

Ndani ya moshi wa tumbaku kuna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti ndefu iliyopitia utafiti wa miaka mingi, ikasema hakuna kiasi cha moshi huo kilicho salama. Asiyevuta anayeishi au kufanya kazi ndani yake, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Feni ya darini inauzungusha tu, na dirisha moja lililo wazi halitoshi. Kwa mwenye pumu, moshi huo unaweza kuamsha kifua usiku uleule. Kwa mwenye mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Unasema hajalalamika. Mwanangu, atalalamikaje? Anajua wavutaji ndio wanaoleta pesa ambazo wewe unamlipa nazo mshahara. Anajua tumbo linakua, na kwamba wenye baa wengi wangekuwa wameshamtafutia mbadala. Mtu aliye katika hali hiyo ukimuuliza kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Wewe umeshamwona akitoka nje kutafuta pumzi, basi hilo ndilo jibu lake.

Kanada kulikuwa na mhudumu anayeitwa Heather Crowe. Alihudumu mezani mjini Ottawa na kwingineko kwa takriban miaka 40. Hakuvuta sigara maishani mwake. Mwaka 2002 madaktari walimwambia ana saratani ya mapafu, na chanzo kilikuwa moshi wa wateja aliowahudumia. Aliomba fidia kama mtu aliyeumia kazini, akapewa. Kisha nguvu zilizombakia akazitumia kuzunguka nchini, akiwaambia wanasiasa kwamba anataka kuwa mhudumu wa mwisho kufa kwa sababu ya kazi yake. Alifariki Mei 2006, siku chache kabla ya sheria ya kuondoa moshi katika baa na mikahawa ya jimbo la Ontario kuanza kutumika. Ningependa Mwalimu aisikie habari hii kutoka kwako, kwa sababu naamini ni mtu wa haki, na huenda ameliangalia jambo hili kutoka upande wa kiti cha mteja peke yake.

Sasa hoja yake ya uhuru. Siidharau. Zipo nyakati ambapo watawala walimtesa mvutaji kwa kuvuta tu. Katika karne ya 17 Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliwaua watu kwa ajili ya tumbaku, na watu hawakuacha. Sheria yetu haifanyi hivyo. Haimkatazi Mwalimu kununua sigara wala kuivuta. Inamwambia asiivutie ndani ya chumba ambamo mwingine amelazimika kuwepo. Katiba ya 2010 inayompa haki ya kupeleka ombi lake, katika kifungu cha 37, ndiyo hiyohiyo inayompa mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa katika kifungu cha 41, na kila mtu haki ya mazingira safi katika cha 42. Wote wawili wamo ndani ya kitabu kimoja. Tofauti ni kwamba mmoja wao akitoka hadi uani hapotezi kitu, na mwingine akitoka anapoteza riziki.

Kuhusu ushuru ana hoja, na nisingempinga sana. Serikali inayokusanya pesa kwenye kila pakiti ina deni kwa wavutaji: iwasaidie kuacha, iwatibu wanapougua, na iwasaidie wakulima wa Migori na Kuria kupata zao jingine la kuwalisha. Kule Migori mashirika ya Umoja wa Mataifa yameanza kuwasaidia wakulima kuhama kutoka tumbaku hadi maharagwe, wakiwa na soko la uhakika. Hayo yadaiwe, tena kwa sauti. Lakini deni la serikali kwa mvutaji halilipwi kwa pafu la mhudumu.

Na baba yake wa kiko? Mungu amrehemu. Wapo wanaofika huko, sote tunamjua mmoja. Tatizo ni kwamba wale ambao hawakufika hawapo barazani kutusimulia. Uingereza, Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa kiume kwa miaka 50, kuanzia 1951, wavutaji na wasiovuta, wakihesabu nani anakufa lini na kwa ugonjwa gani. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Jambo ninalotaka ulikumbuke utakapozungumza na Mwalimu ni hili jingine waliloliona: aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia takriban miaka mitatu, na aliyeacha akiwa na 50 alipata sita. Yaani kwa mstaafu bado kuna faida.

Kuna jambo Mwalimu huenda halijui, na ni la muhimu kwa mtu anayekusanya sahihi. Maneno haya ya "baa ijiamulie" na "mtu mzima anajua anachofuata" yana historia ndefu, na aghalabu aliyeyalipia hakukaa mezani na wavutaji. Mwaka 1981 mtafiti Mjapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 91,000 wasiovuta. Waliokuwa na waume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na kadiri mume alivyovuta sana ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Kampuni za tumbaku za Marekani zilitumia pesa nyingi kwenye matangazo ya kumshambulia. Miaka ya 1990 kesi za mahakamani huko zilizilazimisha kampuni hizo kutoa nyaraka zao za siri, na dunia ikaona. Waraka mmoja wa 1969 kutoka kampuni ya sigara ya Brown & Williamson ulisema wazi kwamba bidhaa yao ni shaka, yaani kazi yao ni kuwafanya watu wasiwe na hakika na kile wanachoambiwa na madaktari. Mwaka 1993 ukaundwa Marekani muungano wa wavutaji uliojitambulisha kama sauti ya watu wa kawaida, na fedha za kuuanzisha zilitoka kampuni ya sigara ya Philip Morris.

Hapa kwetu mapambano yalipitia mahakamani. Mwaka 2006 Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alitangaza kanuni za kupiga marufuku uvutaji hadharani. Kampuni zikaenda kortini na kanuni zikasimamishwa. Ndipo Bunge likapitisha sheria ya 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Zilipotolewa kanuni za 2014 za kuikamilisha, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilizipinga Mahakama Kuu, ikashindwa, ikakata rufaa, ikashindwa tena, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Uganda nako kampuni ndugu ilishindwa mbele ya Mahakama ya Kikatiba mwaka huohuo.

Simwambii Mwalimu kwamba amelipwa. Ameandika kwa mkono wake na kwa hasira yake. Lakini usipomwambia mapema kwamba baa ikirudishiwa moshi faida itaenda kwa wauza sigara, na hasara itaenda kwa mtu anayemletea bia, utakuwa umemwacha abebe mzigo wa watu wasiomjua.

Unaogopa wateja watahama. Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeondoka. Ninachojua ni kilichotokea Ireland, nchi inayopenda baa kupita kiasi, ilipokuwa ya kwanza duniani kuondoa moshi katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, tarehe 29 Machi 2004. Wenye baa walipiga kelele kwamba biashara imekufa. Wavutaji wakatoka nje ya mlango, wakavuta, wakarudi kumalizia kinywaji. Watafiti waliwapima wahudumu wa baa wa Dublin kabla ya sheria na tena mwaka mmoja baadaye, wakakuta hewa ni safi zaidi, vikohozi vimepungua, na wale wasiovuta wanapumua vizuri zaidi. Na jirani yako unayemwogopa amebanwa na sheria hiyohiyo. Afisa wa afya aliyekuja kwako ataenda na kwake.

Wewe tayari una ua. Watu wanakaa huko wakingoja nyama, basi weka benchi, mabati ya kuzuia mvua, taa, na kisahani kikubwa chenye mchanga. Pasiwe karibu na mlango wala chini ya dirisha, moshi usije ukarudi ndani. Kabla hujatumia hata shilingi moja, mwite yule afisa wa afya, umwonyeshe mahali, umwombe maelezo kwa maandishi kuhusu kinachokubalika, kwa sababu sheria ina masharti yake juu ya sehemu za kuvutia. Bandika maandishi ya "Hakuna kuvuta sigara" yanayosomeka hata ukiwa mlangoni. Na kama sigara unauza mojamoja pale kaunta, acha kabisa. Sheria inakataza, na hilo ni kosa lako wewe mwenye leseni.

Sasa Mwalimu. Usimkatalie mbele ya watu. Mwite mchana, kabla wateja hawajafika, umpe chai, umshukuru kwa msiba na kwa kusimama na wateja wenzake. Kisha mwambie habari ya msichana kama ulivyoniambia mimi: pumu, mimba, na zile safari za nje Jumamosi. Usimwambie sigara inanuka. Usimwonyeshe picha za kutisha zilizo kwenye pakiti, ameziona mara nyingi kuliko wewe. Hili lazima niliseme: baadhi yetu tunaopinga tumbaku tumewasema wavutaji kama watu wachafu wasio na akili, na tumewafanya wazibe masikio. Wengi wao walianza wakiwa vijana, kabla hawajajua ni nini, na nikotini ikawashika. Anayeshikwa hivyo anahitaji msaada na heshima. Akikuambia angependa kuacha, kuna namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo, na duka la dawa linaweza kumweleza kuhusu chingamu na vibandiko vya nikotini. Asipotaka, usimshurutishe. Benchi la uani ni lake.

Kisha mpe kazi. Mwombe aandike ombi jipya kwa bunge la kaunti: askari wanaokamata wavae sare na waonyeshe vitambulisho, anayeshikwa apelekwe kituoni na kisha mbele ya hakimu, na yeyote atakayepokea pesa mkononi achukuliwe hatua. Yule mteja aliyezungushwa garini anaweza kupeleka malalamiko kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, hasa akiwa na ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zilikwenda kwa nani. Hilo ni ombi ambalo mwenye baa, mvutaji na asiyevuta wanaweza kulitia sahihi kwa moyo mweupe, na mtu wa kuliandika vizuri ni Mwalimu huyohuyo.

Msichana usimngojeshe hadi hayo yote yakamilike. Kuanzia wiki hii mpe zamu za mchana au kazi za jikoni, mbali na meza za moshi, bila kumpunguzia mshahara, na mwambie waziwazi kwamba hufanyi hivyo ili kumwondoa kazini. Aende kliniki akamweleze muuguzi kwamba ana pumu na amekuwa akifanya kazi ndani ya moshi wa sigara, ili aangaliwe yeye na mtoto, na dawa yake ya kuvuta kifuani aiweke karibu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Anza kuiwekea akiba hiyo likizo sasa, kidogokidogo kila wiki.